Mama Feza amenikosesha msaada wa kodi

Marafiki, leo nimekosa msaada wa kodi kwa sababu ya heshima.

Tangu ziwa limeze nyumba yangu, napanga chumba kwa Mama Feza.
Asubuhi watu wa msaada wamekuja kuhakikisha nani ni mpangaji kweli. Nilikuwa kitini, nusu usingizini, mwanga wa maji ukicheza ukutani.

"Mama, huyu mzee ni mpangaji wako?"

Akaona haya kunitaja hivyo mbele ya wageni.
"Mupangaji? Hapana! Uyu njo papa wa hii nyumba. Halipake kitu!"

Waliposikia silipi chochote, wakafuta jina langu kwenye orodha, wakaenda.

Ndipo akashika kichwa: "Yo, Papa! Sasa pesa ya nyumba itatoka wapi?"

Sina siku nyingi, kwa hiyo naungama: ningeweza kumsahihisha.
Kila mtu mjini huniita Papa, yaani baba, kwa uzee wangu tu. Papa wa nyumba, sikutegemea kuitwa tena.

Ninyi mngemkatiza?