Moshi Kwenye Kanga ya Mtoto

Mwaka 2004, zahanati moja ya kijijini upande wa Nyamwage ilipokea kompyuta ndogo ya mkononi, ya kuandikia kwa kijiti cha plastiki na kuchajiwa kwa umeme wa jua. Wanakijiji waliipa jina la redio bubu. Aliyekabidhiwa ni Haidari Kondo, tabibu mzaliwa wa Kibiti, mtu mkimya, aliyepiga pasi koti lake hata siku ambayo hakutarajia mgonjwa.

Watafiti waliotoka Dar es Salaam walitaka kujua kama mashine ile ingemsaidia tabibu asiruke hatua anapompima mtoto mgonjwa. Kiongozi wao, Daktari Nasma, alimpa Haidari sharti moja: asome swali kama lilivyo, aingize jibu kama alivyopewa. Asiongeze lake. Haidari hakuona ubaya. Alijijua. Siku za foleni ndefu alikuwa akikisia pumzi za mtoto kwa macho tu, na tangu mashine ije alizihesabu. Aliipenda kwa sababu haikuchoka, na kwa sababu ilimwondolea kazi ya kubishana na watu.

Siku moja ya msimu wa ufuta, Daktari Nasma akiwa nje anakagua paneli ya sola, aliingia Mwajabu, mke wa mkulima wa njia ya Ngarambe. Alimbeba mwanawe Abdulaziz, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Nyuma yake alikuja mkwewe, Bi Tatu, akaketi karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Mtoto alikuwa na homa, amelegea, lakini alinyonya alipopewa titi. Haidari akasoma maswali. Alipouliza kama mtoto amepata degedege katika ugonjwa huu, Mwajabu alimtazama mkwewe.

"Hapana," alisema Bi Tatu.

Kila aliyekulia pande hizo anajua kwa nini. Degedege halitajwi mbele ya mwenye sindano, maana wengi wanaamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa hafiki jioni. Kwanza hufukizwa nyumbani kwa moshi wa mavi ya tembo yaliyokauka. Hospitali hufuata baadaye, kama itafuata. Marehemu mama yake Haidari alikuwa akiwafukiza watoto wa mtaa mzima pale Kibiti. Na harufu ile, ya majani yaliyoungua na zizi kuukuu, ilikuwa imejaa kwenye kanga aliyofunikwa Abdulaziz.

Haidari akagusa palipoandikwa "Hapana". Mashine ikajibu: malaria isiyo kali, dawa za kunywa, arudi nyumbani. Akawapa dawa, wakaondoka.

Aliyefuata alikuwa binti mwenye jipu. Haidari akaanza kumhoji, lakini harufu ilikuwa ingali chumbani. Akaiweka mashine mezani, akamwomba binti amsubiri, akachukua baiskeli.

Aliwakuta wamepumzika kwenye kibaraza cha duka, penye njia panda ya Ngarambe. Aliwaamkia, akaitikiwa kwa ubaridi.

"Bibi, sikuja kuuliza lile," alisema. "Mama yangu naye alikuwa anafukiza. Huyu kafukizwa lini?"

Bi Tatu alimpima kwa macho. "Jana magharibi."

"Na leo?"

"Na leo alfajiri."

"Basi lilirudi."

Bibi alisema aliulizwa akajibu, na kama jibu halikutosha, basi akakiulize vizuri hicho kidude chake. Haidari akamweleza, bila kupandisha sauti, kwamba malaria imempanda mtoto kichwani, vidonge havitaiwahi, na ni lazima apelekwe hospitali ya wilaya akatiwe dawa ya mshipa. Hakuficha kuwa sindano itakuwepo.

"Akifa, utaniambia mashine ndiyo iliyosema."

"Nitakwambia ni mimi."

Ndipo Mwajabu, ambaye hakuwa amefungua kinywa mbele ya mkwewe tangu waondoke nyumbani, alipofungua fundo la kanga na kumkabidhi Haidari mtoto.

Gari la watafiti ndilo lililowapeleka. Kabla ya kuwasha moto, Daktari Nasma aliuliza kama jibu lirekebishwe kwenye mashine. Haidari akasema liachwe, ndivyo alivyoambiwa.

Abdulaziz alirudi akiwa hai. Mkono wake wa kushoto ulichelewa kupata nguvu, kisha ukapata.

Watafiti waliongeza swali kuhusu kufukizwa, nalo lilifanya kazi kwa muda. Halafu akina mama wakalizoea. Wakawa wanabadili kanga kabla ya kuja, na jibu likawa hapana, kama lile la kwanza. Daktari Nasma hakushangaa. Alisema swali likishajulikana, na jibu lake hujulikana. Mradi ulipofungwa, mashine ilirudishwa Dar. Haidari alibaki na mazoea ya kuhesabu pumzi, na mengine ya kumwinamia mtoto mpaka pua iguse nywele, kwa sababu kanga hubadilishwa lakini moshi haubanduki upesi kichwani.

Bi Tatu alikuja tena mwaka uliofuata, na mjukuu mwingine mgongoni. Haidari alipoanza maswali yake, bibi alimlaza mtoto mezani na kumsogeza mbele yake.

"Nusa kwanza," alisema. "Mengine utaniuliza baadaye."