Dastan Asiyekanyaga Chini

Kwa miaka minne Dastan aliamini kwamba dawa ya tope ni gesi. Ukiliona mbele unavuta, unafumba jicho moja na kumwomba Mungu kwa lililobaki. Kijiweni Litembo madereva wenzake wa bodaboda walimwita Radi, naye alilipenda jina hilo mno. Kwamba radi nayo huishia ardhini, hakuna aliyemkumbusha.

Alikumbuka mwenyewe siku alipomwangusha mzee Isidori, pamoja na gunia lake la kahawa, kwenye mteremko wa mtoni. Mzee hakuumia. Kahawa ilioshwa ikaanikwa upya. Lakini habari zilimfikia mama mkwe wa Dastan kabla Dastan hajafua suruali, na hapo ndipo palipouma.

Mama mkwe huyo, Benadetha, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akiona mwanga na vivuli tu. Hata Glorious, mjukuu wake kwa Dastan, bibi alimtambua kwa vishindo vya miguu. Kanisani lilitolewa tangazo kwamba mwezi wa nne madaktari wa macho watakuja hospitali ya Litembo kwa siku tatu. Wakiondoka, haijulikani watarudi lini. Kutoka kwa Benadetha hadi hospitali ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono wa pili hewa. Gari halipiti. Magoti yake nayo yalikuwa yamestaafu siku nyingi.

"Mlete huyo Radi wako anipeleke?" alimuuliza binti yake Luisa, mke wa Dastan. "Bora nife nikiwa sioni kuliko nife nikiwa naruka."

Luisa alifikisha ujumbe neno kwa neno, maana hakuwa mtu wa kupunguza chumvi. Dastan alikasirika, akanuna siku mbili, kisha akaona aibu. Mama yule alikuwa na haki.

Wiki ile alishuka Mbinga mjini kubadilisha klachi kwa Sadiki, fundi wa pikipiki ambaye wazazi wake walitoka Kilwa. Sadiki aliitazama ile klachi iliyoungua, akamtazama na mwenye klachi.

"Wewe unaendesha kama unakimbizwa na nyuki," alisema. "Nilipokuwa gereji Nairobi niliona mchezo mmoja, wanauita trials. Hakuna mbio. Watu wanapita juu ya mawe na magogo, polepole, na kila ukigusa chini kwa mguu unaandikiwa pointi moja ya kosa. Mshindi ni mwenye sifuri."

Dastan, ambaye shuleni sifuri alizipata bila jasho, alicheka. "Hiyo rahisi, fundi."

Sadiki alilaza matairi mawili chakavu uani, akamwambia apite katikati kwa mwendo wa kinyonga, asimame juu ya vikanyagio, asikanyage chini. Dastan alianguka. Akarudia, akaanguka. Mara ya tatu aliangukia karai la maji machafu, mahali tambarare kabisa, mchana kweupe, mbele ya mama muuza chai na wateja wake wote.

"Radi imepiga!" mmoja alipaza sauti, na chai zikamwagika kwa vicheko.

Mtu mwingine angelipa klachi yake akaenda zake. Dastan alibaki mpaka alasiri. Sadiki alimfundisha kulegeza magoti ili yameze mitikisiko, kuishika klachi kwa vidole viwili tu na kuiachia nusunusu, na kuigusa breki ya nyuma kidogo huku injini ikivuta. Zaidi ya yote alimkataza kutazama shimo. "Ukilitazama litakuita. Tazama unakotaka kwenda."

Nyumbani hakuwa na matairi ya kuchezea, ila alikuwa na ngoro. Kila Mmatengo, mwenyeji wa milima ile, amezikuta: mashimo yaliyopangwa mlimani safu kwa safu kushika maji ya mvua, na kuta nyembamba za udongo kati ya shimo na shimo, ambako ndiko mazao hupandwa. Dastan akazitazama kuta zile za shamba la Luisa lililopumzishwa, akaona uwanja wa mazoezi ulioachwa na mababu. Akapandisha pikipiki. Kwa siku nne alivunja kuta kumi na saba.

Siku ya tano Luisa alikuja na jembe, akamkabidhi bila salamu.

Kule kwao wanaume hufyeka nyasi, na kulima zile ngoro ni kazi ya wanawake. Basi majirani walikuja makundi makundi kumwona Baba Glorious akirudishia kuta, na ushauri walioutoa ulikuwa mwingi kuliko udongo. Tangu hapo alifanya mazoezi kwenye magogo na mawe ya mtoni kama mtu mwenye akili. Alirudia kila asubuhi kabla ya kwenda kijiweni, akihesabu miguso: kumi na mbili, tisa, nne. Kazini nako mambo yakabadilika. Klachi haikuungua tena, mafuta yalikaa, na mama wajawazito wakaanza kumwulizia yeye.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaisha alifunga ndoo ya togwa kwenye keria, bila kifuniko, akaipeleka kwa mama mkwe kwa njia ileile ya ubavuni. Alipiga hodi, akaamkia kwa mbali, "Shikamoo mama," kama heshima ilivyotaka. Benadetha aliitikia, akapapasa ndoo, akaingiza kidole kupima. Togwa ilipungua kidole kimoja tu.

"Ulifunika?"

"Sikufunika, mama."

Benadetha alilamba kile kidole. Luisa, aliyekuwepo, akaona ni vema kusema yote. "Tatizo ni moja, mama. Kwenye pabaya anasimama juu ya vikanyagio. Sasa atakuwa amekupa… yaani, mgongo. Tena karibu na uso."

Kwa mama wa zamani kama Benadetha, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Kumshika kiuno tu ni mwiko, sembuse hilo. Lakini alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mimi sioni," alisema. "Asimame tu."

Siku ya safari mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Benadetha aliishika keria kwa mikono miwili, rozari shingoni. Penye tope Dastan alisimama, akalegeza magoti, akaiacha pikipiki icheze chini yake huku yeye ametulia. Jiwe lilikuwa limeporomoka njiani, akalizunguka kwa nafasi ya upana wa kiganja. Kijitoni alikanyaga chini mara moja, akajiandikia pointi yake kwa uchungu. Mama mkwe hakujua lolote. Walipofika hospitali aliuliza kama ndio wanaondoka.

Jicho moja lilitibiwa siku ile. Kesho yake asubuhi bandeji ilitolewa, naye akamkazia jicho Dastan kwa muda. "Kumbe umekonda," alisema, kisha akalia, na Dastan akalia naye, hadharani, wala hakujali. Muuguzi aliwaonya: asiiname, na asitikisike hata kidogo.

Wakati wa kurudi Dastan aliendesha akiwa amekaa. Sasa mama anaona, angesimamaje? Walipofika ubavuni mwa mlima, tope likiwa vilevile, tairi ya nyuma iliteleza na kiti kikaruka. Benadetha alitazama chini, akaiona ile hewa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu.

"Baba Glorious, simamisha."

Alisimamisha, akijua atashuka na hatapanda tena. Lakini mama hakushuka. Alikuwa amegeuza uso upande wa magharibi, ambako mawingu yalikuwa yamefunguka juu ya Ziwa Nyasa, mbali kule chini.

"Jana ulipita hapa umesimama?"

"Ndiyo, mama."

"Basi simama, baba," alisema. "Mimi nitatazama ziwa."