Dawa Kichwani, Mfereji Mkavu

"Madam, inachoma?" msusi wangu wa Dagoretti Corner aliuliza kwa mara ya tatu.

"Bado."

Nilidanganya. Nyuma ya sikio dawa ya kulainisha nywele ilikuwa imekwisha kuanza kuuma, lakini sisi wateja tunajua kwamba anayekiri mapema huoshwa mapema, na hurudi nyumbani na nywele zilizonyooka nusunusu. Zangu zilikuwa zimefika mabegani baada ya miaka sita ya subira. Nilizitaka zinyooke sawasawa.

Niliposhindwa kuvumilia, aliniinamisha kwenye sinki, akafungua mfereji. Ukakohoa hewa, ukanyamaza.

"Maji imeenda," akasema.

"Si ungejaza mtungi asubuhi?" akauliza mama aliyeketi chini ya draya, ile mashine ya kukaushia nywele.

"Nilijaza. Si ndiyo wewe umeoshwa nayo?"

Akatoka mbio kuelekea kibanda cha chakula cha jirani. "Usiguse kichwa!" alinipigia kelele kutoka mlangoni.

Nilisomea biokemia chuo kikuu, na siku hiyo elimu yangu haikunifaa kwa lolote ila kunitisha. Nje, unywele umefunikwa na magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ndani mna nyuzi za protini zilizoshikanishwa kwa vifungo. Dawa huyainua magamba, ikapenya, ikaanza kukata vifungo, nayo haiachi mpaka ioshwe. Nywele zetu zilizojikunja zimebapa, na kila pindo ni mahali pepesi pa kukatika. Nilihesabu dakika huku ngozi ikiwaka.

Msusi alirudi akikokota mtungi, mwenye kibanda akimfuata.

"Hiyo ni ya maharagwe yangu!"

"Nitakurudishia mbili! Nisaidie kumwaga!"

Wakamwaga pamoja. Maji yalikuwa baridi, na nililia bila kuona haya.

Kisha akapitisha chanuo juu ya kisogo, polepole. Likatoka na kishungi chororo cha nywele, kama uzi uliochemshwa.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "si ulisema haichomi?"

"Ilichoma tangu mwanzo."

Hakunilaumu. Alisimama tu, chanuo hewani, akiogopa kulirudisha kichwani.

"Chana," nikamwambia. "Tujue zilizobaki."