Doti Isiyokatwa

Mzee Fikirini alipoingia dukani kwangu Mchafukoge mara ya kwanza, nilidhani kaja kuomba mchango wa msikiti. Alikuwa na daftari kwapani. Ndani alikuwa ameandika maneno ya kanga arobaini na kitu: ya kuwasema mawifi, ya kubembeleza wakwe, ya kumnyamazisha jirani. Nikachagua sita.

"Sita tu, mama Beno? Hebu soma na hili la chini."

"Hilo refu, mzee wangu. Mpaka mtu amalize kulisoma, mwenye kanga kashakata kona."

Alicheka. Alitaka malipo ya doti moja kwa kila neno, sikumuuliza anampelekea nani. Baadaye nikajua mkewe, bi Sitara, alishafariki, mtoto hawakujaliwa, na zile doti anazilundika sandukuni. Hayo hayakunihusu. Maneno yake yalikuwa yanatoka haraka dukani kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Tukaenda hivyo miaka minne. Jumamosi moja akaja na tiketi mbili.

"Twende Posta tukaangalie filamu. Ya mshairi wa zamani huko Ulaya."

"Mzee, unataka nigombane na baba Beno?"

"Mwambie umetoka na babu yako. Sina mwingine anayejua kama naandika."

Nikaenda, maana huko Posta nilikuwa na mteja wa kumwona. Ukumbini hatukuzidi watu kumi. Mshairi kavaa koti zito, kampenda binti wa hakimu, kamwandikia mwaka baada ya mwaka, binti kaolewa kwingine. Mimi niliangalia zaidi vitambaa. Mzee hakupepesa macho. Ilipokwisha, taa zikawashwa, watu wakatoka, majina yakawa yanapanda kwenye skrini. Hakunyanyuka.

"Tuondoke, mzee."

"Subiri. Ona, hata mpishi wao kaandikwa."

Nje akanipa sharti: jina lake liandikwe kwenye kanga, chini ya maneno. La sivyo, haleti tena.

"Mzee Fikirini, nani atajifunga kanga yenye jina la mwanaume asiye wake? Mimi nikiingia kwangu na Fikirini kiunoni, si patawaka moto?"

Safari hii hakucheka. Nikampa bei yangu: jina liingie kwa herufi ndogo katikati ya vipande viwili vya doti, na yeye anipe maneno ishirini bure.

"Pale panapokatwa na kupindwa," alisema.

"Ndipo penye nafasi."

"Haya."

Mzigo ulipotoka kiwandani nikampelekea doti moja chumbani kwake, nyuma ya Msimbazi. Akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akalisoma jina lake mara mbili. Kisha akaitundika nzima ukutani.

Maneno ishirini niliyapata, na kanga zote zimeuzwa. Zimekatwa, zimepindwa, jina limefunikwa na uzi. La ishirini na moja hakuleta. Alisema daftari limekwisha. Siku hizi nanunua maneno kwa wengine, na mzigo unakaa.

Mwezi uliopita nilipita kumbembeleza. Doti ilikuwa palepale ukutani, haijaguswa na mkasi.

"Nani mwingine kaja kuiona?" nikamuuliza.

"Wewe," alisema, akanisogezea kiti.

Nilikuwa na mteja ananisubiri. Sikukaa.