Kasha la Barafu Njia ya Bungoma

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikipewa chai yenye sukari nyingi, najiuliza mwenyeji anataka nini kwangu. Kwa hivyo dawa yetu ilipoanza kuharibika njiani, wenzangu waliitazama kemia. Mimi nilimtazama dereva.

Maabara yetu iko Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi. Tunatengeneza matone ya mafuta, madogo mno hata jicho haliyaoni, na ndani ya kila tone tunafungia dawa ili damu isiivunjevunje kabla haijafika inakotakiwa. Dawa yenyewe ni ya selimundu, ugonjwa wa damu unaotesa watoto wengi huku kwetu. Mashine ya kupima ukubwa wa matone iko Bungoma. Kitale, kwa kipimo chetu cha haraka, yalitoka madogo na sawasawa. Bungoma yalifika yameshikana mabonge kama uji uliokorogwa vibaya. Tulibadilisha aina ya mafuta, tukaongeza sukari ya kuyalinda, tukapunguza kasi ya kuchanganya. Wapi! Mkuu wetu akachoka. Mzigo unaofuata ukifika hivyo hivyo, alisema, tunaachana na dawa hii kabisa.

Dereva alikuwa mama mpole, mcha Mungu, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Kila safari alichelewa kufika. Nilikuwa na hakika anabebea watu magunia yao huku kasha letu la barafu likipikwa na jua. Siku ya mzigo ule nikaingia kwenye pikapu bila kualikwa.

"Daktari, leo unaenda Bungoma kufanya nini?"

"Kutembea tu, mama."

Akaniangalia kwa pembe ya jicho. Hakuniamini hata kidogo, na nikamheshimu kwa hilo.

Tulipofika soko la Kamukuywa, dereva akakata kona, akaingia kwenye boma moja lenye migomba. Nikajisemea, leo nimekushika. Lakini hapakuwa na gunia hata moja. Palikuwa na viti vimepangwa uani, wamama wa kanisa na vitambaa vyao vichwani, na msichana mwembamba mwenye macho ya manjano, miguu imevimba. Dereva akashusha kasha, akafungua kifuniko, na vichupa vikaanza kupita mikononi. Kila mama alifumbata kimoja kwa viganja viwili, akakiombea bila haraka, jinsi wanavyoombea mbegu kabla ya kupanda. Barafu ikayeyuka nikiona.

"Mnafanya nini?" nilifoka. "Joto ndilo linaiharibu!"

Maombi yakakatika.

"Si tunaibariki tu, daktari," dereva akasema. "Huyu ni mtoto wangu. Kila safari lazima aishike, ndio siku yake ya kudungwa sindano ikifika, ikuwe inamjua."

Hasira iliniisha palepale, nikaona aibu. Nilikuwa nimepata jibu la kumpelekea mkuu, na sikulitaka.

"Na huko Bungoma wanadunga watoto gani?" nyanya wa msichana, aliyekuwa kati ya wamama wale, akauliza. "Mbona huyu wetu hawamuiti?"

Nikawaambia ukweli. Hakuna mtoto. Dawa ile haijawahi kudungwa mtu yeyote. Inapimwa na mashine, inamwagwa, tunatengeneza nyingine, na huenda miaka mingi ikapita kabla mgonjwa hajaipata.

"Inamwagwa?" dereva akasema. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, funguo za gari mkononi.

Wamama walinitazama kama mtu aliyeingia bomani kuiba kuku, na sikuwalaumu.

Msichana alikuwa bado amefumbata kichupa chake. Alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akakirudisha polepole ndani ya kasha, kwenye maji yaliyokuwa barafu.

"Mufunike haraka," akaniambia. "Isiharibike."

Nikafunika.