Rozmari ya Mama Mkwe

Mwanangu, nakumbuka asubuhi ile mama mkwe, Bi Mwanaidi, alipofunga safari ya Mahoo kwenda kumuuguza dada yake. Nilikuwa bi harusi wa miezi miwili tu hapa Kaloleni, Voi. Hakuniachia ufunguo wa kabati wala hakunitajia kuku. Alinionyesha kichaka nyuma ya jiko, majani membamba kama sindano, akasema, "Niangalizie rozmari yangu." Marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi, ndiye aliyeileta ikiwa kijiti kutoka bustani ya mwajiri wake. Kila Idi, mguu wa mbuzi katika nyumba ile haukuingia motoni bila majani yake.

Basi mimi nikataka sifa. Voi unaijua, maji ya mfereji huja yanapotaka yenyewe. Mtu akikupa ndoo ya maji, huyo amekupenda kweli. Nami nikaipenda ile rozmari asubuhi na jioni. Jirani akiniuliza mbona nguo zimelala bila kufuliwa, namjibu, "Maji ni ya mmea wa mama." Nikatia na samadi, tele! Wiki ya pili majani yakageuka manjano. Nikasema, maskini, kiu hiyo. Nikaongeza ndoo.

Mama aliporudi, majani yalikuwa yakipukutika. Hata buibui hakuvua. Alichuchumaa, akatia kidole udongoni, kikatoka na tope.

"Umeozesha mizizi," akasema taratibu.

Machozi yalimlenga, nami nikaangua kilio pale pale. Wallahi nilijua ndoa imekwisha.

"Nyamaza. Hukufanya kwa ubaya. Lakini ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

"Mmea huu hutaka jua na kokoto. Udongo ukauke kwanza, ndipo unywe. Wewe umeupa unachokitaka wewe."

Akatafuta vijiti vitatu vilivyobaki kijani, akavitoa majani ya chini, akavichomeka kwenye kopo lililotobolewa, lenye mchanga na kokoto. Kisha akanikabidhi mimi. Mimi, niliyemuulia ukumbusho wa mumewe! "Safari hii tia kidole kwanza," akaniambia. Viwili vilikufa. Kimoja kikashika.

Ndicho kichaka hiki cha mlangoni, unachokichuma ukipika viazi halafu unanisifu mimi. Wiki ijayo unaolewa, unakwenda Kishushe, na huko ni kukavu kuliko hapa, kitakufaa. Nimekukatia kijiti, kopo hilo hapo.

Sasa nisikilize. Huko utakuta watu usiowajua, nawe utatamani wakupende upesi. Usimmwagie mtu kile unachokitamani wewe, muulize anataka nini. Ukiona mambo yanageuka manjano, sema mapema, kabla hujaongeza ndoo nyingine. Na mke wa mwanao akija kukuharibia kitu unachokipenda, lia kidogo, halafu mpe kopo.

Mungu akujaalie nyumba yenye harufu nzuri na mioyo myepesi kusamehe. Idi ya kwanza unichomee mguu wa mbuzi. Nitakuja na meno yangu haya yaliyobaki.