Mjomba Aliuliza Kuhusu Kuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilitakiwa kusema hapana, nami nikasema, "Ndiyo, bwana."

Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari pale Tabora na kuajiriwa kuwa msaidizi wa bwana shamba. Nilitoka nyumbani Chemchem na kaptula ya kaki na soksi ndefu, nikasimama mbele ya Bwana Shamba wa Wilaya, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kukatakata. Alisoma karatasi zangu.

"Mama yako mtu wa Goweko?"

"Ndiyo, bwana."

"Warina asali wa kule wamekataa kulima tumbaku mara mbili. Mgeni hawamsikii. Wewe ni mtoto wao. Utakwenda?"

Nilijua kiongozi wa warina wale ni mjomba wangu Maganga, kaka wa mama tumbo moja. Nilijua pia kwamba mpwa hatumwi kumshawishi mjomba wake. Lakini kazi ilikuwa mpya, nami nilitaka kuonekana hodari.

Kwanza nilipelekwa shamba la mafunzo. Tulijifunza kuandaa kitalu cha miche, kukata vikonyo vya maua ili jani linenepe, na kukausha kwenye bani. Bani ni kibanda kirefu cha udongo kisicho na dirisha. Majani hutungwa kwenye fito ndani yake, moto huwashwa tanurini, na joto hupita kwenye mabomba mpaka jani liwe la dhahabu. Moto huo hauzimwi kwa siku kadhaa mfululizo.

"Bani inakula miti," mkufunzi alituambia. "Msianze kulisema ninyi. Lakini wakiuliza, wajibuni kweli."

Nilishuka kwenye treni Goweko, nikamkuta mjomba uwanjani na wenzake wakishona mizinga ya magome.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hizo soksi unaogopa nyuki, au unatuogopa sisi?"

Walicheka, nami nikazivua hapo hapo. Kwa muda wa kama wiki mbili sikutaja tumbaku. Nilibeba kamba, nikapanda nao miti ya miyombo kutundika mizinga. Nilikuwa nikitafuta jambo moja ambalo wao na mimi tungekubaliana, na nililipata siku mjomba alipokuwa akipuliza mwenge wa magome chini ya mzinga.

"Mbona unapuliza kidogo hivyo, mjomba?"

"Moto ukizidi, masega yanayeyuka. Ukipungua, nyuki wanakumaliza. Moto ni wa kiasi, bwana mdogo. Shuleni hawakukufundisha?"

"Basi bani ni kazi yako," nikasema. "Moto wake huwaka siku kadhaa; ukizidi jani linaungua, ukipungua linaoza. Mtu wa jembe hataweza. Anayejua moto wa kiasi ndiye ataweza."

Nilisema kweli, na niliona imemwingia. Kisha akaniuliza:

"Na kuni?"

"Kuni gani, mjomba?"

"Usinichezee. Moto wa siku zote hizo unakula nini? Miti hii ndiyo ninayotundikia mizinga."

"Zilizoanguka zenyewe zinatosha."

"Anasema Mzungu, au unasema wewe?"

"Ninasema mimi, mpwa wako."

"Kama ni mpwa wangu, basi," akasema, akawageukia wenzake na kuzungumza nao Kinyamwezi. Kabla ya mvua walikuwa wameandikishwa wote.

Kuni zilizoanguka ziliisha msimu wa kwanza. Msimu wa pili wakaanza kukata miyombo, ile ya karibu, kisha ya mbali. Nyuki wakahama. Mizinga ya mjomba ikabaki imeegeshwa nyuma ya bani, mitupu. Wakati huo mimi nilikuwa nimepandishwa cheo na kuhamishiwa Nzega, baadaye Igunga, kufundisha pamba. Wasaidizi wapya waliletwa kwangu wajifunze jinsi ya kuzungumza na wakulima. Niliwaeleza habari ya mwenge na bani. Habari ya kuni sikuwaeleza.

Mama alipofariki tulimzika kwao Goweko. Nilimwona mjomba kati ya wafiwa, nikainama.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Alivua kofia, akainama chini kuliko mimi, mbele ya watu wote.

"Shikamoo, bwana shamba."

Kwetu mtu mzima hampi mtoto wa dada yake shikamoo. Hiyo alikuwa akiwapa watu wa serikali, wageni. Sikuweza kusema marahaba. Alivaa kofia yake, akaenda kushika koleo.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza namna ya kumfanya mtu aache kazi aliyoizoea. Huwaambia watafute wanachokubaliana naye, kwa kuwa bado naamini hivyo. Kisha huwaeleza habari ya kuni.

Mjomba Maganga alifariki bila kuniita mpwa tena. Wanawe hawakunipa taarifa. Nilisikia sokoni Mtendeni, mjini Tabora, maziko yakiwa yamekwisha. Kwa jibu lile moja nilipoteza ujombani kwangu, na sikupata kwingine.